Kompyuta ya Zamani Ikikataa Kuamka

Siku hizi baadhi ya nyumba za kwetu Katanga zina kompyuta, au ordinateri kama wengi tunavyosema. Nyingi si mpya. Zilifanya kazi kwanza katika ofisi za Ulaya, halafu zikauzwa, zikapanda meli, zikafika katika masoko yetu. Mashini ya namna hiyo ni kama mfanyakazi mzee: nguvu anazo bado, lakini yafaa kuzijua desturi zake. Leo nataka kusema nanyi juu ya siku ile inapokataa kuamka, na maneno ya Kiingereza yanatokea juu ya kioo cheusi. Watu wengi wakiyaona hushikwa na woga. Huita fundi, na fundi mwenye haraka husema neno moja: «Tufute yote, tuanze upya.» Neno hilo ni fupi, lakini laweza kuharibu mali ambayo fedha hazitainunua tena.

Kwanza tujue mashini inafanya nini unapobonyeza kifungo. Haikimbilii kazi mara moja. Ndani yake mna programu ndogo iitwayo BIOS, iliyofungwa ndani ya kipande cha ubao mkubwa. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa nayo, na mashini nyingi za nyumbani zilizofuata zikaishika desturi hiyo. BIOS ni kama kapita anayeita majina ya wafanyakazi asubuhi kabla ya kazi kuanza. Kumbukumbu ipo? Klavye ipo? Diski ipo? Kama mmoja haitiki, kapita anapiga mlio au anaandika neno juu ya kioo. Mara nyingine kapita huyu anachekesha: anaandika kwamba klavye haipo, halafu anakuamuru ubonyeze F1 ya klavye hiyo hiyo!

Kapita ana daftari lake. Ndani yake ameandika tarehe na saa, diski ya kusomwa kwanza, na njia ya kuongea nayo. Daftari hilo huitwa CMOS. Katika kompyuta ya IBM AT ya mwaka 1984 lilikuwa na baiti 64 tu: 14 za saa, na 50 za desturi za mashini. Ni dogo, lakini lina shida moja: lisipopata umeme, linafutika. Kwa hiyo mashini ikiwa imezimwa, betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inalilinda. Katika mashini nyingi betri hiyo ni CR2032. Jina hilo si fumbo: 20 ni upana wa milimita 20, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3.

Sasa sikilizeni vizuri. Kamba ya mashini ikiwa imechomekwa ukutani na umeme upo, saa inakula umeme wa ukuta, na betri inapumzika. Umeme ukikosekana, betri inafanya kazi peke yake. Katika miji ambamo umeme unakatika siku nyingi, betri hizi zinachoka upesi. Hii ndiyo sababu mashini iliyolala wiki nyingi huamka bila akili.

Lakini daftari la kapita si ghala. Ghala ni diski. Ndani ya diski mna barua zako, picha zako, na hesabu zako. Nayo inavitunza bila betri na bila umeme. Daftari likipotea, ghala linabaki limejaa. Mtu anayefuta diski kwa sababu ya kosa la daftari anafanana na tajiri anayechoma ghala la mahindi kwa sababu kapita amepoteza orodha.

Nitawaeleza jambo nililoliona mwenyewe. Yaya yangu anakaa Likasi. Mume wake, mwalimu wa shule, alifariki. Marehemu alikuwa amenunua parseli kwa kulipa kidogo kidogo. Kila malipo aliyaandika ndani ya kompyuta ya nyumbani, pamoja na picha ya risiti yake. Risiti zenyewe ziliharibiwa na mvua. Basi watu wa ukoo wa muuzaji wakaanza kusema kwamba malipo hayakuisha, na siku ya kikao ikawekwa. Yaya alipotaka kuwasha mashini, ilikuwa imelala zaidi ya miezi miwili. Ikakataa.

Akanipigia simu. «Mdogo wangu, fundi anasema diski imekufa. Anataka dola 80, na kila kitu kitafutwa. Mambo yote ya shemeji yako yamo humo.»

Nikamjibu: «Yaya, usikubali leo. Usiwashe tena. Nitakuja Jumamosi.»

Mimi si fundi wa kazi. Lakini kwa miaka kadhaa nimetunza mashini mbili kuukuu tunazochapia masomo, nazo zimenifundisha uvumilivu. Nilipofika Likasi sikushika bisibisi. Niliomba karatasi na kalamu, nikawasha, nikanakili kila neno lililotokea. La kwanza lilikuwa «CMOS checksum error», na chini yake amri ya kubonyeza F1 ili kuendelea, au Delete ili kufungua daftari. Maana yake ni hii: kapita amejumlisha hesabu za daftari lake, na jumla haipatani na ile iliyoandikwa mwishoni, kama vile kitabu cha duka ambacho kurasa zake zimeharibika. Kwa hiyo ameacha desturi za nyumba hii, ameshika desturi za kiwandani.

Nilibonyeza F1. Alama ya Windows XP ikaonekana, halafu kioo kikawa cha buluu kwa nukta moja, mashini ikajizima, ikaanza upya. Ikafanya hivyo tena na tena. Hapa ndipo fundi alipokata shauri kwamba diski imekufa. Sitamlaumu sana; ana kazi nyingi, na mashini inayojizima inatia hofu. Lakini katika XP iliyosahihishwa yafaa kubonyeza F8 kabla alama haijatokea, na kuchagua mstari unaokataza mashini kujiwasha upya. Nikafanya hivyo. Kioo cha buluu kikasimama, nikasoma namba 0x0000007B. Namba hiyo inasema kwamba Windows imeshindwa kuifikia diski ya kuanzia kazi. Angalieni: imeshindwa kuifikia. Haisemi kwamba diski ni tupu, wala kwamba imekufa.

Nikaanza upya, nikabonyeza Delete, nikaingia katika daftari. Tarehe ilikuwa 1 Januari 2008. Katika orodha ya vyombo, jina la diski lilikuwa limeandikwa wazi pamoja na ukubwa wake. Nikamwambia Yaya: «Tazama, ameitwa, naye ameitika.» Hapo moyo wake ukatulia kidogo.

Sasa mbona Windows haikuifikia? Windows XP ilitoka mwaka 2001. Njia mpya ya kuongea na diski, iitwayo AHCI, iliandikwa mwaka 2004. XP haiijui njia hiyo isipopewa programu ya ziada. Zamani aliyeitengeneza mashini hii alikuwa ameandika katika daftari njia ya kale, iitwayo IDE, nao wakasikilizana. Betri ilipokufa, daftari likafutika, na kapita akashika desturi ya kiwandani, yaani AHCI. Tangu hapo diski na Windows walikuwa kama ndugu wawili ambao mmoja amesahau lugha ya nyumbani. Betri ya bei ya mikate michache ilikuwa imeleta shida ya dola 80.

Nikazima, nikachomoa kamba ukutani. Nikafungua kifuniko, nikagusa chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini usiharibu ubao. Nikatoa betri ya zamani, nikaweka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu kama ule wa kwanza. Nikachomeka kamba, nikaingia tena katika daftari, nikaandika tarehe ya kweli, nikarudisha njia ya IDE, nikabonyeza F10 ili kuhifadhi. Alama ya XP ikatokea, ikakaa. Dakika mbili baadaye tuliona picha ya watoto wa Yaya wakiwa wadogo.

Hatukufanya kazi nyingine yoyote kabla ya kunakili. Tulitia yote katika ufunguo wa USB, halafu katika mashini ya jirani. Risiti zilikuwa 23. Yaya alizitazama moja moja, akasoma maneno ambayo mume wake alikuwa ameandika pembeni. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Mwishoni akasema tu: «Chapa zote.» Siku ya kikao alizipeleka. Wale waliodai kwamba malipo hayakuisha walizisoma, na shauri likaisha siku hiyo.

Wasomaji wapenzi, si kila kosa ni la betri. Kwa hiyo shikeni utaratibu huu.

Jambo la kwanza: soma na uandike maneno yote kama yalivyo, hata kama huyaelewi. Yupo mtu atakayeyaelewa, lakini hawezi kukusaidia ukimwambia tu kwamba «imekataa».

Jambo la pili: anza na yaliyo rahisi. Chomoa ufunguo wa USB, toa CD au disketi iliyosahauliwa ndani. Mara nyingi mashini inasema haioni diski ya kuanzia kwa sababu inasoma disketi isiyo na kitu. Tazama kama kamba za ndani zimelegea. Kabla ya kugusa kitu cha ndani, chomoa kamba ya ukutani. Sanduku la chuma linalopokea umeme usilifungue hata kidogo, kwa sababu laweza kuweka umeme ndani hata baada ya kuchomolewa.

Jambo la tatu: badilisha kitu kimoja tu, halafu jaribu. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja, hutajua kipi kilikuwa kigonjwa.

Jambo la nne: ukisikia diski inapiga kelele ya tak-tak-tak, zima mara moja. Hapo diski yenyewe ni mgonjwa, na kila kuiwasha kwaweza kumzidishia ugonjwa. Mpelekee mtu anayejua kazi ya kuokoa yaliyomo.

Jambo la tano: kama fundi anataka kufuta, mwulize kwanza: «Je, umetoa diski hii na kuisoma katika mashini nyingine?» Diski yaweza kuchomolewa na kufungwa kwa kamba katika kompyuta nzima, na mara nyingi yaliyomo yanaonekana yote. Fundi mwema hatakasirika kwa swali hilo. Kuuliza si ujinga.

Tena, neno kwa wazazi. Betri ya zamani usiitupe uani. Mtoto akimeza betri ya duara, hata iliyochoka, yaweza kukwama kooni na kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu. Usingoje dalili, mpeleke hospitali mara moja. Izibe betri hiyo kwa utepe wa kunata pande zote mbili, uiweke mahali pa juu hata upate pa kuipeleka.

Na mashini ya XP ikisha kupona, usiiache katika intaneti. Waliotengeneza Windows XP waliacha kuisahihisha kwa watu wote tangu tarehe 8 Aprili 2014, na wezi wa intaneti wanayajua matundu yake. Iwe mashini ya kusoma na kuandika nyumbani, nayo itakutumikia vizuri.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kama saa ya kompyuta yako inarudi nyuma kila umeme unapokatika, huo ndio ufa. Usingoje ikatae kuamka. Nakili mambo yako leo, mahali pawili. Halafu ingia katika daftari la kapita wakati bado linasomeka, andika kwa kalamu kila desturi iliyomo: diski ya kwanza ni ipi, njia yake ni IDE au AHCI. Karatasi hiyo ibandike upande wa ndani wa kifuniko, pamoja na tarehe uliyobadilisha betri. Hata kama wewe hutakuwapo, atakayefungua sanduku hilo ataisoma, naye hatakuwa na sababu ya kufuta kitu.