Kitambaa na Msasa

Dereva wa pikipiki anayeipenda kazi yake huianza siku na kitambaa mkononi. Atapangusa tangi, kiti na taa, na akifika mbele atakipitisha kwenye yale mabomba mawili yanayong'aa juu ya gurudumu. Hapo ndipo oili inayovuja hujionyesha kwanza: pete nyembamba nyeusi, imechanganyika na vumbi, imelizunguka bomba pale linapozama kwenye mguu wa shokapu. Anaifuta, pikipiki inapendeza, safari inaanza. Jioni pete imerudi.

Nafundisha katika moja ya shule za milimani Lushoto, na pikipiki ndiyo inayonifikisha kazini. Kwa miaka ambayo nimekaa na madereva vijiweni na mafundi gerejini, nimefikia kuamini kwamba mengi yanayotuumiza tunayashughulikia kwa kitambaa. Tunafuta kila asubuhi, tena kwa bidii ya kweli, na bidii ile ndiyo inayotufanya tudhani tumetengeneza.

Shokapu ya mbele inastahili heshima kuliko tunavyoipa. Bomba la chuma lenye kromu huingia na kutoka ndani ya mguu wa nje ulioshika gurudumu, na humo ndani mna springi na oili. Springi hupokea kishindo cha shimo au jiwe, lakini ikiachwa peke yake hurudisha kila ilichopokea: itabonyea, itaruka, itabonyea tena. Oili ndiyo inayoituliza. Inalazimishwa kupenya kwenye vitundu vidogo, na katika kupenya huko nguvu ya kishindo inageuka joto na kuishia humo humo. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki zenye shokapu za namna hii mwaka 1935, R12 na R17, na pikipiki zinazopanda milima yetu leo bado zinatembelea wazo lile lile. Kinachoizuia oili yote hiyo ni sili, pete ya mpira yenye chuma ndani, mdomo wake mwembamba ukilibana bomba, na mgongoni mwa mdomo kuna kispringi cha duara kinachoukaza. Juu yake hukaa sili ya pili, ya vumbi, ambayo kazi yake ni kuzuia uchafu wa nje usiifikie ya kwanza.

Huku kwetu sili hizo zinafanya kazi ngumu. Ukitoka Mombo kupanda kupitia Soni hadi Lushoto uko kwenye lami, kona juu ya kona. Ukiiacha lami kwenda vijijini, udongo mwekundu ndio barabara. Masika unakuwa tope linalorukia mabomba na kukaukia hapo. Kiangazi unakuwa vumbi laini kama unga. Kila shokapu inapobonyea, bomba linazama na chembe zake, na chembe zinaingia chini ya mdomo wa sili. Halafu kuna mzigo. Viazi, kabichi, karoti na nyanya za milimani hazishuki zenyewe kwenda sokoni. Zinashuka kwa pikipiki, kiroba juu ya kiroba, au abiria mshikaki. Dereva akishika breki kwenye mteremko, sehemu kubwa ya uzito huo inahamia mbele, na bomba linazama hadi sehemu ambayo kwenye tambarare haiguswi kabisa. Kama sehemu hiyo ina vidonda vya kutu, mdomo wa sili unapita juu yake na kuchanika kidogo kidogo.

Ubaya wa uvujaji huu ni kwamba hausimamishi safari. Pancha itakushusha chini, mnyororo ukikatika utasukuma. Shokapu ikivuja unaendelea kuwahi, kubeba na kulipwa. Mwili unajizoesha bila kukuuliza: mikono inakaza usukani zaidi, breki inaanza kushikwa mapema, tuta linaonekana kubwa kuliko lilivyokuwa. Siku tairi inapodunda kwenye kona badala ya kushika ardhi, dereva atalaumu barabara. Na oili haibaki pale juu. Inateremka na mguu wa shokapu hadi kwenye breki, na pedi ikishainywa, kuiosha kwa petroli hakuifanyi iaminike tena, hubadilishwa. Kwa hiyo kasoro iliyoanzia kwenye faraja ya kuendesha inaishia kwenye uwezo wa kusimama, na kwenye mteremko wa milima yetu ya Usambara uwezo wa kusimama ni uhai wa watu wawili au watatu.

Kuna fundi ninayempenda kwa sababu haanzi na spea. Kijana mmoja alimfikia nikiwa nimekaa hapo, seti ya sili mpya mkononi, bado imo ndani ya nailoni yake.

"Mzee, nifungie haraka, kuna mtu ananisubiri stendi."

"Hii ya ngapi, mwanangu?"

"Ya tatu tangu masika. Sili za siku hizi feki tupu."

"Feki zipo. Hebu pitisha ukucha hapa."

Kijana alipitisha ukucha kwenye bomba, ukakwama. Akarudia, ukakwama pale pale. Hakusema kitu. Kwa macho bomba lilikuwa linang'aa vizuri, tena lilikuwa safi kuliko la pikipiki yoyote pale gerejini, kwa maana alikuwa akilifuta kila siku.

Nilikaa nikaangalia kazi nzima, na ninaieleza hapa kwa sababu mpangilio wake ndio uliojaa hekima. Si kila uvujaji unahitaji sili mpya. Fundi huanza kwa kuinua sili ya vumbi na kupitisha ukanda mwembamba wa plastiki, aliokata kwenye picha ya zamani ya eksirei, katikati ya bomba na mdomo wa sili, akizunguka polepole ili kuvuta mchanga ulionasa. Mara nyingine ugonjwa huishia hapo. Siku ile haukuishia. Akainua pikipiki mbele, akatoa gurudumu na madigadi, akavua shokapu zote mbili ingawa iliyokuwa ikivuja ni moja. Pacha wake, alisema, amepita barabara zile zile. Akamwaga oili, nyeusi na yenye harufu ya kuoza, akafungua kilipu na kuzing'oa sili za zamani. Kisha akachukua msasa laini sana uliolowa maji, namba 1000, akasugua kingo za vile vidonda vya kutu kwa kulizungusha bomba. Hakupandisha na kushusha, kwa sababu mkwaruzo wa wima unaipa oili njia ya kutokea. Alipitisha ukucha, akasugua, akapitisha tena, mpaka ukucha ukateleza. Kama vidonda vingekuwa vya kina, asingeendelea, bomba lingebadilishwa.

Sili mpya ilikuja mwisho. Aliifunika ncha ya bomba kwa nailoni ile ile iliyokuja na spea ili makali yasiujeruhi mdomo, akaipaka sili oili, akaiteremsha na kuigongea taratibu, akizunguka, isikae upande. Oili akaipima kwa chombo, kiasi sawa kila upande, ile nyepesi ya shokapu. Wapo wanaojaza oili ya injini kwa kukadiria, au kuzidisha kwa kudhani nyingi ni bora. Ikizidi, presha ndani inapanda na kuisukuma sili mpya nje. Kazi iliyokuwa ya "haraka" ilikula saa kadhaa, na nyingi kati ya saa hizo zilikwenda kwenye bomba.

Nimelifikiria sana bomba lile. Kijijini ninakoishi kuna ndugu wawili, baba mmoja, wanaogombana kila mvua za kwanza zikidondoka. Wazee huitwa, maneno mazuri husemwa, mikono hupeanwa, na wote wawili hupatana kwa moyo kabisa. Mwaka unaofuata, wakati wa kulima, jembe la mmoja linavuka tena. Watu huwasema kwamba hawana msamaha. Mimi naona wamesameheana kuliko wengi wetu. Kilichokosekana ni mpaka. Marehemu baba yao aligawa shamba kwa kuonyesha kwa fimbo, na hakuna aliyekwenda kupanda alama. Suluhu inawekwa mpya na nzima juu ya mahali palipo na makali, na inachanika. Wanahitaji siku moja ya kupima, na mzee mwenye ujasiri wa kusema hadharani kwamba mmoja wao atapoteza hatua kadhaa za ardhi. Siku hiyo inaahirishwa kwa sababu inauma, na mkutano wa kupeana mikono hauumi.

Ndiyo maana sipendi kumcheka dereva mwenye kitambaa. Nilimuuliza yule kijana, tukisubiri, kwa nini hakuja mapema. Alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, niko kwenye mkataba." Pikipiki ni ya mtu mwingine. Kila jioni anapeleka hesabu, na akimaliza miezi waliyokubaliana atapewa kadi iwe yake. Akilala gereji, hesabu hailali. Service na spea ni juu yake. Bomba jipya lingemgharimu hesabu za siku kadhaa, sili ni bei ndogo, kitambaa ni bure. Alichagua kwa akili timamu kati ya alivyokuwa navyo. Tukimwita mzembe tutakuwa tumemfuta yeye tu, na kesho atakuja mwingine wa namna ile ile, kwa sababu makali yako kwenye mkataba.

Sasa nawaambia wenye pikipiki, na wengi wenu ni watumishi wenzangu, walimu na wauguzi mliokopa ili mpate kipato cha pembeni. Hesabu yenu naielewa, na marejesho ya mkopo nayajua. Lakini mkataba usiompa dereva siku ya matengenezo unamfundisha kuficha, na anachokificha kinawabeba watoto wetu kwenda shule. Andikeni ndani yake siku moja kila mwezi isiyo na hesabu, na gerejini muende pamoja. Sili na oili vikiwa juu ya dereva, sawa. Bomba, rimu na fremu viwe juu yenu mpaka siku mtakapomkabidhi kadi. Na mkifika kwa fundi, kabla hamjanunua chochote, mwombeni awaonyeshe bomba, mpitishe ukucha wenu wenyewe.