Barua kutoka Kamembe: Lahaja za Kasuku

Shikamoo Shangazi,

Nipo Kamembe, makao ya wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, ingawa wazee bado wanapaita Cyangugu. Mji umepanda vilimani, Ziwa Kivu liko chini, na Bukavu ya Congo iko ng'ambo, karibu kabisa. Jioni mitumbwi ya kuvulia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hutoka mitatu mitatu, imeunganishwa kwa miti mirefu, wavuvi wakiimba ili makasia yaende pamoja. Jana sokoni mama muuza ndizi alinisikia nikisema maneno matatu tu, akanieleza hapo hapo kwamba natoka pwani. Nikalikumbuka lile swali lako: je, kasuku wa porini nao hutambulikana kwa usemi wa kwao?

Wanatambulikana, Shangazi. Mfano ulioeleweka vizuri zaidi uko Costa Rica, ambako mtafiti Timothy Wright alirekodi kasuku wa kijani wenye kisogo cha njano na kutoa matokeo yake mwaka 1996. Ndege wanaolala pamoja usiku huitana kwa mwito wa namna moja. Ukisafiri mbele kidogo, mwito unabadilika ghafla. Na pale mpakani wapo wanaotumia miito yote miwili, kama watu wa Kamembe wanavyochanganya Kinyarwanda na Kiswahili! Huko Venezuela, Karl Berg na wenzake walihamisha mayai ya kasuku wa aina nyingine kutoka kiota hiki hadi kile; makinda wakaja kulia kwa mfano wa wazazi waliowalea. Kwa hiyo mwito huo hufundishwa, hauzaliwi ndani ya damu.

Sasa kasuku wetu wa kijivu, mwenye mkia mwekundu. Sikumsikia hata mmoja katika matembezi yangu, lakini Congo iko jirani, na mwaka 1993 watafiti walichapisha uchunguzi wa sauti za kasuku wawili wa porini waliorekodiwa huko, enzi za Zaire. Sauti zao zilizidi aina 200, na ndani yake mlikuwa na mwigo wa ndege wengine tisa na wa popo mmoja. Popo! Tunamsifu kasuku anayesema "karibu mgeni" akiwa kizimbani, kumbe mwituni ana hazina kubwa kuliko hiyo, aliyoichota kwa majirani zake. Mimi naamini msitu ukibadilika, hazina hiyo nayo hubadilika.

Kinachoniuma ni namna wanavyonaswa. Mtegaji hupaka ulimbo matawini, kisha huweka hapo kasuku aliyekwisha kumkamata. Mfungwa analia, wenzake wanamsikia, wanamjia, wananata. Mwito wa kuitana ndugu umegeuzwa chambo. Tangu mwaka 1975 zaidi ya kasuku wa kijivu milioni 1.3 waliokamatwa porini wamesafirishwa nje kihalali, na hapo hujawahesabu waliokufa njiani. Mwaka 2016, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg uliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini. Magendo hayajaisha. Kituo cha Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya sokwe yatima, kinatunza pia kasuku walionyang'anywa wafanyabiashara.

Nikiwafikiria ndege hao narudi tena Costa Rica. Alejandro Salinas-Melgoza, akiwa na Wright, aliwahamisha kasuku wachache kwenye eneo la lahaja nyingine, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Mmoja aliyekuwa bado mchanga alijifunza mwito wa wenyeji na akaingia kundini mwao. Wengine waliendelea na usemi wa kwao, wakaruka na wahamiaji wenzao tu. Sasa fikiria kizimba kimoja chenye ndege waliotekwa huku na huku, wengine wazima, wengine waliochukuliwa wakiwa makinda kabla hawajajifunza mwito wa wazazi wao. Mlango ukifunguliwa siku moja, watamwita nani, na nani atawaitikia?

Nikipata nafasi ya kuvuka daraja la mto Rusizi kuingia Congo, walezi wa Lwiro nitawauliza mambo mawili: kama wanajua kila ndege alikamatwa wapi, na kama wanawapanga vizimbani kwa kufuata hilo. Watakayonijibu nitakuandikia. Wasalimie wote nyumbani.

Mwanao,
Hamisi