Kibweta cha Marehemu na Haki ya Mabinti



Kwa miaka mingi tumekusanya sarafu ndogo za zama za wakoloni, zile ambazo wazee wetu walinunulia chumvi na mafuta ya taa. Tunayo pesa ya shaba ya Mombasa, iliyotolewa na kampuni ya Waingereza mwaka 1888. Ina mizani na mwaka wa Hijria 1306, na pesa 64 zilitimiza rupia moja. Tunayo pia senti kumi ya mwaka 1936, yenye tundu katikati na pembe za ndovu. Imeandikwa jina la mfalme Edward wa Nane, aliyetawala chini ya mwaka mmoja.

Kwa kuwa twajulikana kwa mapenzi haya, familia moja ilituletea kibweta cha marehemu mama yao. Nyumba na dhahabu zilikwisha gawanywa. Kibweta alikichukua mwana wa kiume, na dada zake wawili wakaambiwa kuwa hivyo ni vyuma tu, si mali. Tukamuuliza kwa upole: ikiwa si mali, mbona umevishikilia?

Suratun-Nisaa imebainisha kwamba wanaume wana fungu na wanawake wana fungu katika waliyoyaacha wazazi, yawe machache au mengi. Hayo machache ndiyo husahauliwa, na aghalabu husahauliwa kwa hasara ya mabinti.

Basi tulizitandaza sarafu mkekani, tukaziandika moja moja: mwaka, thamani, hali yake, na herufi ndogo inayoonyesha zilikopigwa, kama H ya kiwanda cha Heaton, Birmingham. Tuliwasihi wasizisugue kwa mchanga wala ndimu, kwani sarafu iliyosuguliwa hupungua bei. Wakazipeleka kwa wajuzi zaidi ya mmoja kuzithamini, kisha wakagawana: kaka hisa mbili, kila dada hisa moja.

Fungu la kila dada halikuwa kubwa. Lakini mmoja wao alitwambia kuwa kilichomliza si fedha, bali kuhesabiwa miongoni mwa warithi wa mamake.

Kwa hivyo, enyi wazazi na wana, mkebe wa sarafu kuukuu ukionekana kabatini, ufunguliwe mbele ya warithi wote. Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu katika kidogo na kingi. Amin.