Hongera Isiyo na Pole

Wapenzi wa lugha, leo naomba tuyapime maneno mawili mepesi: hongera na pole. Hapa Malangali, Sumbawanga, mtoto akizaliwa wageni humwendea mama na maneno yote mawili: "Pole na hongera." Pole ni ya uchungu alioupitia, hongera ni ya mtoto. Baba, anayewapokea wageni mlangoni, hupewa hongera peke yake.

Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na neno kujifungua nimelifafanua ubaoni mara nyingi. Mama hujifungua, kisha ndugu humkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji wa ulezi. Baba hajifungui. Kilichomfunga, kama kipo, hubaki ndani.

Hali hiyo niliijua kabla ya kujua jina lake. Kifungua mimba wetu alizaliwa mwezi Juni, wakati baridi ya Ufipa inapopenya hata milango iliyofungwa. Nilimpenda mtoto, lakini furaha sikuiona. Nilikesha hata usiku ambao yeye alilala. Chakula kilinishinda, na madaftari ya wanafunzi niliyasahihisha bila kuyasoma. Jirani mmoja, mtu mwema, aliniambia, "Jikaze, mwalimu, umeshakuwa baba." Mwingine alinong'ona kwamba nimerogwa. Si ajabu: jina la mji wetu lenyewe hufasiriwa kuwa "tupa uchawi," na maradhi yasiyojulikana hupewa jina lililo karibu.

Shangazi yangu, aliyekuja kumtazama mzazi, alinitazama na mimi. "Pole, baba," alisema. "Nawe umezaa." Sikupona siku hiyo, wala mwezi huo, lakini usiku ule nilikula, na nilipomaliza kula nikaweza kumweleza mke wangu yaliyokuwa yakinisumbua.

Siku hizi wataalamu huiita hali hiyo sonona, neno la ukoo mmoja na sononeka. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, James Paulson na Sharnail Bazemore, walichambua tafiti 43 na kukadiria kwamba takriban baba mmoja katika kila 10 hupatwa na sonona katika kipindi cha kuanzia ujauzito hadi mtoto atimize mwaka. Wengi zaidi huonekana nayo mtoto akiwa na miezi mitatu hadi sita. Wakati huo hongera zimekwisha na wageni wamerudi makwao. Mara nyingi haiji kwa machozi, bali kwa hasira, ulevi, au kuchelewa kurudi nyumbani.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya siku 84, na baba siku 3. Siku tatu zatosha kupokea hongera. Kusononeka hakujaanza hata kuonekana.

Washairi wenzangu, tunazo tumbuizi za watoto na tenzi za kuwasifu mama. Tumtungie na baba anayekesha kimya. Nanyi mnaokwenda kumwona mtoto, mwulizeni baba kama analala na kama anakula. Akiwa hali wala halali kwa majuma mawili, msimwambie ajikaze; mpeni pole, kisha mfuataneni naye hadi zahanati.