Mboga Nyeupe

Nyuma ya nyumba ya bibi mmoja, katika milima ya Usambara, palikuwa na bustani, urefu wake hatua kumi tu. Humo bibi alipanda mboga ya asili ya China. Wasemao Kikantoni huiita baak choi, maana yake mboga nyeupe, kwa ajili ya vikonyo vyake vinene vyeupe. Wauzaji wa sokoni husema chainizi, basi.

Kazi ya bustani alipewa mjukuu wake, mtoto wa miaka 11. Alichanganya udongo na samadi iliyooza, akapiga mistari minne, akatia mbegu, ndogo kama ulezi, kwa kina cha sentimita 1. Siku chache baadaye zikaota, zimesongamana kama nywele.

“Sasa ng’oa,” bibi akasema, “uache mche mmoja kila shibiri.”

Mtoto aling’oa mistari mitatu kwa huzuni. Wa nne, ulio karibu na ua, hakuugusa, kwa kuwa aliona ni ukatili kuua kitu kilicho hai. Bibi hakufika huko, miguu ilimwuma.

Wakaja wadudu weusi warukao kama viroboto, wakatoboa majani. Mtoto akanyunyiza majivu kila alfajiri, umande ungalipo. Kisha jua likawa kali, naye akateka maji asubuhi na jioni. Mistari mitatu ikanenepa. Mstari wa nne, miche ikinyang’anyana maji na chakula, ukakonda. Hata kabla majani hayajapita urefu wa kidole, ukatoa maua ya manjano, nayo yakaonekana tangu mlangoni.

“Mbona kule kuna maua?” bibi akauliza.

Ni rahisi kusema “sijui” katika saa kama ile. Mtoto akasema kweli, kisha akaomba: “Bibi, tuyaache basi, tupate mbegu.”

“La, mjukuu wangu. Mche uliokimbilia maua huzaa wenye haraka kama yake. Tena nyuki watachukua vumbi la maua yake na kulipeleka kwa mizuri.”

Akachagua miche minane bora ya mistari mingine, akaisimikia vijiti ili asiikate mtu. Yale maua ya uani wakayakata pamoja na mabua yake machanga, yakapikwa kwa kitunguu jioni ile ile. Mtoto akala. Yalikuwa machungu kidogo, wala hakusema neno.