Barua Kutoka Berlin: Mtu Wetu wa Sachsenhausen

Ndugu zangu wa Uyole, na ninyi nyote mnaosoma barua hizi kuanzia Mbalizi hadi Iringa mjini, barua ya leo ni nzito kuliko zile nilizoandika kuhusu kazi na baridi.   Nawaomba mnivumilie mpaka mwisho, maana ndani yake yumo mtu wa kwetu.

Hapa Berlin kuna ziara za siku nzima zinazowapeleka watu kwenye kumbukumbu za maangamizi ya Wayahudi. Asubuhi mnazunguka katikati ya jiji, mchana mnapanda treni kwenda kaskazini, mji wa Oranienburg, ilipokuwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Nilikwenda na kundi dogo la Watanzania na Wakenya, wengi wao wauguzi waliopata nafasi ya kupumzika Jumamosi. Aliyetuongoza alikuwa mama mtu mzima, Mjerumani, mwenye kusema taratibu bila kupandisha sauti hata alipofika kwenye mambo yanayotia uchungu.

Tulianzia karibu na Lango la Brandenburg, kwenye kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, uwanja wa nguzo za zege uliosanifiwa na Peter Eisenman na kufunguliwa Mei 2005. Nguzo ni 2,711. Ukiwa pembeni zinakufika magotini, lakini kadiri unavyoingia ardhi inashuka, nguzo zinakupita kimo, na wenzako unawasikia tu bila kuwaona. Juu hakuna jina hata moja. Majina yako kwenye makumbusho ya chini ya ardhi, ambako kuna chumba unachokaa gizani ukisikiliza habari fupi za waliouawa, mmoja baada ya mwingine. Kuwasoma wote milioni sita kwa namna hiyo kungechukua zaidi ya miaka sita. Muuguzi mmoja wa kundi letu alibaki humo hadi tukarudi kumwita.

Kisha tukaenda Topographie des Terrors, makumbusho yaliyojengwa pale yalipokuwa makao makuu ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, na kikosi cha SS. Hapo kilichonishika ni makaratasi: orodha za watu, mihuri, ratiba za treni, saini za wakubwa. Tumezoea kudhani kwamba mauaji ya kimbari ni kazi ya watu waliopandwa na wazimu. Kumbe sehemu kubwa ilifanywa na watu wa ofisini, waliofika kazini kwa wakati, wakajaza fomu, jioni wakarudi kula na watoto wao. Tarehe 20 Januari 1942 viongozi na maofisa 15 walikutana kwenye jumba la kifahari kando ya ziwa Wannsee, wakapanga namna idara zao zitakavyoshirikiana kuwaangamiza Wayahudi wa Ulaya nzima. Wengi wao walikuwa wasomi, na kadhaa walikuwa na shahada za udaktari.

Kituo kilichofuata tulikiomba wenyewe, na mama yule alikubali mara moja. Ni Brunnenstraße namba 193, mtaa wa kawaida wenye maduka na baiskeli. Katika njia ya waendao kwa miguu limepachikwa jiwe lenye uso wa shaba, upana wake sentimita kumi tu. Mawe ya namna hii alianza kuyaweka msanii Gunter Demnig katika miaka ya 1990, mbele ya nyumba ambazo waliouawa na Wanazi waliishi kwa hiari yao mara ya mwisho. Leo yamepita 100,000 barani Ulaya. Hili la Brunnenstraße liliwekwa mwaka 2007, nalo ni la Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam.

Naomba nikae kwake kidogo, kwa sababu shuleni sikufundishwa habari zake, na nadhani hata ninyi hamkufundishwa.

Mahjub alizaliwa mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari Msudani katika jeshi la Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, mtoto huyu wa miaka kumi aliingia jeshini pamoja na baba yake. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, kule Lindi, akachukuliwa mateka na Waingereza. Baada ya vita alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mshahara wa vita ambao yeye na baba yake hawakuwa wamelipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kuwa amechelewa kudai. Akabaki hukuhuku, akijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, alisaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, na aliigiza sehemu ndogondogo katika filamu zaidi ya ishirini. Januari 1933, mwezi uleule Hitler aliposhika madaraka, alimuoa Maria Schwandner.

Sitamsafisha. Mahjub alijivunia uaskari wake, aliomba nishani ya wapiganaji wa vita akakataliwa, na vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 aliomba kujiunga na jeshi lao, akakataliwa tena. Aliamini kwamba aliowatumikia tangu utotoni wangekumbuka. Filamu yake ya mwisho, iliyotoka mwaka 1941, ilikuwa ya kumsifu mkoloni Carl Peters, yule ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka huohuo wa 1941 Gestapo walimkamata Mahjub kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani asiye mke wake. Sheria za Nuremberg za mwaka 1935 zilipiga marufuku ndoa na mapenzi kati ya Wayahudi na Wajerumani, na muda mfupi baadaye marufuku hiyo ikapanuliwa hadi kwa watu weusi na Wasinti na Waroma. Hakupelekwa mahakamani. Walimpeleka moja kwa moja Sachsenhausen, akakaa huko miaka mitatu, akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Mbele ya jiwe lile Mkenya mmoja wa Mombasa alichuchumaa, akalisugua kwa leso mpaka shaba ikang'aa. Tukamsomea Mahjub Fatiha, Wakristo na Waislamu pamoja, wale tusioijua tukiitikia amina. Mama wa Kijerumani alisimama pembeni, ameinamisha kichwa.

Mchana tukapanda treni ya S1 hadi mwisho wa reli. Kutoka stesheni ya Oranienburg hadi kambini ni mwendo wa dakika kama ishirini kwa miguu, katikati ya nyumba za watu zenye bustani na mapazia masafi. Wafungwa wengi walipitishwa njia hiihii, mchana kweupe. Mtu akikuambia wenyeji hawakujua, mlete aitembee.

Sachsenhausen ilijengwa mwaka 1936 kwa umbo la pembetatu, ili mlinzi mmoja mwenye bunduki ya rashasha pale langoni aone kambi yote. Hadi mwaka 1945 ilipitiwa na wafungwa wapatao 200,000: wapinzani wa Wanazi, Wayahudi, Wasinti na Waroma, Mashahidi wa Yehova, mashoga, mateka wa vita. Makumi ya maelfu hawakutoka. Baada ya usiku wa Novemba 1938 masinagogi yalipochomwa Ujerumani nzima, Wayahudi karibu 6,000 waliletwa hapa kwa mkupuo. Mwaka 1941 mateka wa Kisovyeti wasiopungua 10,000 walipigwa risasi katika wiki chache. Kuna njia iliyozunguka uwanja wa gwaride ambako wafungwa walitembezwa hadi kilomita 40 kwa siku, kujaribu soli za viatu vya jeshi. Zidisheni umbali wa Uyole hadi Mbeya mjini mara kadhaa, kwa mtu mwenye njaa, kila siku. Tuliona pia misingi ya jengo lenye chumba cha gesi na matanuri ya kuchomea maiti. Juu ya hayo sina la kuongeza.

Kwenye kibanda namba 38, cha wafungwa wa Kiyahudi, kuta zina alama za moto. Moto huo si wa wakati wa vita. Mwaka 1992 vijana wafuasi wa Unazi walikuja usiku wakakichoma. Uongozi wa makumbusho umeziacha mbao zilizobabuka zionekane, na nawapongeza kwa hilo, maana kila mgeni anaona kwamba chuki hii haikuzikwa mwaka 1945.

Mnaweza kusema: hayo ni ya Ulaya, na Mahjub ni mmoja kati ya mamilioni. Nendeni Kalenga, kilomita chache tu kutoka Iringa, mkalitazame fuvu la Mtwa Mkwawa. Alikufa mwaka 1898, Wajerumani wakakichukua kichwa chake, na fuvu likarudishwa mwaka 1954 kutoka makumbusho ya Bremen. Enzi zile wataalamu wa Kijerumani walikusanya maelfu ya mafuvu kutoka makoloni yao wakiyapima, wakidai kwamba mfupa unaonyesha nani ni mtu kamili na nani si mtu kamili. Mmoja wao, Eugen Fischer, alifanya utafiti wa namna hiyo Namibia mwaka 1908, kisha kuanzia 1927 akaongoza taasisi ya elimu ya rangi za watu hapahapa Berlin, mtaa wa Dahlem. Taasisi hiyohiyo, miaka ya vita, ilipokea viungo vya watu kutoka Auschwitz. Sisemi kwamba vita vya Maji Maji vya babu zetu dhidi ya Wajerumani na maangamizi ya Wayahudi ni kitu kimoja. Nasema kwamba watu wetu walipimwa vichwa kwanza, na rula ikabaki mezani.

Ujerumani imefanya mengi kwa ajili ya wafu wake wa Kiyahudi, ingawa ilichelewa. Kwa wafu wetu imeanza juzi. Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha Songea tarehe 1 Novemba 2023, mahali ambapo mashujaa 67 wa Maji Maji walinyongwa kwa siku moja Februari 1906. Agosti 2024 mtaa uliokuwa na jina la Peters hapa Berlin uligawanywa, na sehemu yake sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Nimeshapita pale na nimefurahi. Lakini wafu wa Maji Maji, waliouawa na waliokufa kwa njaa baada ya maghala kuchomwa, wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Kibao cha mtaa hakitoshi.

Sasa nageukia kwetu, na hapa nasema kwa mapenzi. Kule Lugalo, ambako Wahehe walimshinda kamanda wa Kijerumani Zelewski mwezi Agosti 1891, mnara wa zamani ulijengwa na Wajerumani kuwakumbuka watu wao. Mashujaa wa Mkwawa waliokufa siku ile, nani anaweza kuwataja hata kumi? Na pale njia panda ya Uyole, kila siku mabasi ya Iringa yanapita na watu wetu na viazi vyao, yanapita Ifunda, bila abiria kujua kwamba miaka ya vita vya pili pale paliishi mamia ya wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao kina mama na watoto. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi Siberia na utawala wa Stalin, wakapitia Uajemi ndipo wakafika Tanganyika. Wengine waliwekwa Kidugala, kituo kilichoanzishwa na Misheni ya Berlin. Makaburi yao yapo pande zote mbili hadi leo. Wakati huohuo ambao Mahjub alikuwa anafia karibu na Berlin, babu na bibi zetu wa Nyanda za Juu walikuwa wanaishi jirani na watu waliofukuzwa makwao na vita hivyohivyo. Habari hiyo ni yetu, na hakuna Mjerumani atakayekuja kutuandikia.

Nawaomba walimu wa historia wa Uyole, Makambako, Ifunda na Kidugala: wafundisheni watoto jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Kisha watumeni kwa wazee wakiwa na daftari, wawaulize nani aliwauzia Wapoland mahindi, nani alicheza na watoto wao, nani aliwazika. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1943 sasa amevuka miaka tisini. Watumeni mwezi huu, msingoje likizo.