Kidonge cha Tezi na Dawa ya Pumu

Mwenye pumu aambiwapo kwamba tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya koo, imepungukiwa na nguvu, swali lake la kwanza huwa ni kama dawa za maradhi hayo mawili zapatana. Nami niliuliza hivyo. Daktari alinijibu kuwa zapatana, ila kwa masharti. Masharti hayo napenda kuwaeleza akina mama wenzangu na ndugu zetu walio kambini na vituoni, kwani hapa Munuki wengi wetu twanunua dawa dukani au sokoni, na muuzaji hatuulizi tunaumwa nini kingine.

Kidonge cha levothairoksini huongeza mwilini kile ambacho tezi imeshindwa kukitoa. Ni kidonge chenye wivu: hakitaki kuchangia tumbo na chakula. Humezwa asubuhi kwa maji matupu, kisha mtu hungoja nusu saa hadi saa nzima kabla ya kunywa chai. Vidonge vya madini ya chuma wapewavyo wajawazito, vya kalisi, na baadhi ya dawa za kiungulia, vitenganishwe nacho kwa muda wa saa nne. Askari atokaye lindo la usiku aweza, kwa ushauri wa daktari, kukimeza wakati wa kulala, muda wa saa tatu baada ya mlo wake wa mwisho. Aliyesahau jana asimeze viwili leo.

Dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo haina habari na saa hizo. Kifua kikibana, ivutwe papo hapo, hata kama kidonge kimemezwa dakika moja iliyopita.

Ugomvi, ukiwapo, huonekana moyoni. Salbutamoli, dawa ya kufungua kifua, huweza kuufanya moyo uende mbio na mikono itetemeke kwa muda. Kidonge cha tezi kikizidi kipimo huleta mambo hayo hayo, pamoja na jasho, kukonda na kukosa usingizi. Mgonjwa hajui basi amlaumu nani. Mimi moyo ulinienda mbio kwa majuma mawili, hata siku nisizovuta dawa. Jirani yangu, mwenye huruma nyingi, akaniletea vidonge vya mumewe. "Chukua, dada," akasema, "hivi vimemtuliza mzee wangu moyo." Nilisoma jina: propranololi. Daktari alikuwa amekwisha kunionya juu ya jina hilo, nami nikamrudishia kwa shukrani na maelezo.

Propranololi ni dawa njema kwa wanaostahili. Hata mwenye tezi inayofanya kazi kupita kiasi huweza kupewa ili moyo utulie. Lakini kwa mwenye pumu huweza kuzibana njia za pumzi, na tena kuizuia salbutamoli isizifungue. Mlango unafungwa, na ufunguo unavunjikia humo humo. Kwa hiyo yeyote aandikiwaye dawa ya moyo, ya shinikizo la damu au ya tezi, hata matone ya macho ya presha ya jicho, aseme kwanza: "Nina pumu." Asidhani imeandikwa kwenye cheti.

Mimi nilipimwa damu, ikaonekana kidonge kimezidi. Nikashushwa kutoka mikrogramu 100 hadi 75. Kipimo hicho hurudiwa baada ya majuma sita hadi manane, kwani dawa hii huenda polepole. Anayemeza aminofilini naye aitaje: tezi ikiwa dhaifu mwili huiondoa dawa hiyo taratibu, tezi ikisahihishwa huiondoa upesi, na kiasi kilichomfaa zamani huenda kisimfae tena. Na anayehitaji salbutamoli kila siku, pumu yake haijadhibitiwa. Aombe dawa ya kuzuia, ile ambayo mtu husukutua kinywa baada ya kuivuta.

Limebaki joto. Mwezi wa Februari na Machi bati za Juba huwaka, na vumbi huingia hadi chunguni. Vidonge vya tezi huharibika kwa joto na unyevu. Mimi huviweka katika pakiti yake, ndani ya kisanduku, pembe ya nyumba isiyopigwa na jua. Mkebe wa pumu una hewa iliyoshindiliwa, usiachwe juu ya dashibodi ya gari la doria.